Makofi ya Darasa la Saba

Miaka ya hamsini nilikuwa nafundisha darasa la saba kwenye shule ya kati pale Kariakoo, na nilijiona fundi kwelikweli. Vitabu vilikuwa haba, basi ustahimilivu niliwafundisha kwa hadithi za miti na wadudu. Waliyoipenda zaidi ilikuwa ya mkoko. Nilikuwa nanyoosha kidole kwenye boriti zilizobeba bati la darasa, nawaambia: ule ni mkoko, umeota kule mto Msimbazi unapoingia baharini. Umekulia kwenye tope na chumvi, maji yajae yapwe, upo palepale, haulalamiki. Mwanafunzi aliyejikaza kama mkoko nilimsimamisha mbele, wenzake wakampigia makofi.

Kulikuwa na msichana wa Magomeni, mtoto wa mama muuza vitumbua sokoni. Masika yote alivuka bonde la Msimbazi kwa miguu, maji yakimfika magotini, na hakuchelewa hata siku moja. Jumatatu moja nilimkuta ameegemeza shavu kwenye kiganja, pamba sikioni.

"Unaumwa?" nilimuuliza.

"Najikaza tu, mwalimu. Kama mkoko."

Mpumbavu mimi, nikafurahi. Nikamsimamisha mbele, akapigiwa makofi. Jumanne ile pamba ilikuwa na usaha, nami nikamsifu tena.

Alhamisi alianguka katikati ya somo la hesabu. Mwili ulikuwa moto, shingo imekakamaa. Nilimbeba mgongoni, nikakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja mbio kwenda hospitali, kiatu kimoja kikabaki matopeni. Njia nzima nilikuwa namwomba, "Lia, mwanangu. Lia basi." Hakulia. Niliyelia ni mimi.

Daktari alisema usaha umekwisha kuingia ndani, na kwamba angeletwa mwanzoni mwa wiki ingekuwa kazi ndogo. Mama yake alifika mikono ina unga. Nilitamani anitukane.

"Mwalimu," alisema, "kila nikimuuliza ananiambia hajambo. Nani kamfundisha kuficha?"

"Mimi, mama."

Alichukua ncha ya kanga yake, akaanza kumpepea mtoto. Siku tatu nilikaa kwenye benchi la nje, sili, namwomba Mungu anichukue mimi.

Alipona, kama kule ndiko kupona. Masikio yote mawili yalikufa.

Alirudi shuleni masika yamekwisha. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, ndipo nikakumbuka hawezi kunisikia, nikabaki na chaki mkononi. Alipopita kwenda kwenye dawati lake la mbele, darasa zima lilisimama, bila mimi kutamka neno, likampigia makofi. Ndivyo nilivyowafundisha. Yeye alikuwa amewapa mgongo, anafuta vumbi kwenye dawati. Alipomaliza aliketi, akafungua daftari, akaukazia macho mdomo wangu, akasubiri hadithi.