Kila Mtu na Neno Lake la Siri

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye pampu za maji hapa Kamina, Mkuu wa Mashine alinionyesha valvu na kuniambia nizungushe. Wakati ule maji yalipandishwa mtaani kwa nguvu za mikono, jasho likikutoka. Ninyi vijana mnaobonyeza tu, mshukuruni Mungu.

Baadaye nilihamishiwa Bukama, nikajifunza umeme chini ya Fundi Mkuu mkali kama pilipili. Niliporudi Kamina, pampu zilikuwa zimeunganishwa na ofisi kwa swichi za mtandao. Swichi ni kisanduku cha chuma kinachopitisha amri kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye pampu. Unaingia humo kwa jina na neno la siri, na jina ndilo linaloamua kama utatazama tu au utaamuru.

Sisi mafundi tulikuwa na jina moja la kuamuru. Jina jingine, la mgeni, lilikuwa la kutazama tu, na tulimpa kila aliyepita, hata wanafunzi wa mazoezi. Kumnyima mtu neno la siri kulionekana uchoyo. Mkuu wa Kituo aliniambia, "Papa Ilunga, batu bote ba hapa ni famille moya. Kama unamukatalia mwenzako mot de passe, uko na roho mubaya."

Asubuhi moja pampu zilizimwa, hospitali ikakosa maji. Swichi ilionyesha saa ya amri, lakini si mtu aliyeituma. Zamu ilikuwa ya Ngalula, dada mmoja, fundi wangu hodari, ambaye wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai. Minong'ono ya kabila ikaanza palepale, na Mkurugenzi akataka kumfukuza.

"Papa, minyi sikufunga pompe," Ngalula aliniambia machozi yakimlenga. "Baba yangu balimufukuza hapa juu ya kabila. Na minyi pia?"

Nilichukia sana. Nikakumbuka tangazo la mtengenezaji kuhusu udhaifu wa swichi za aina yetu: zilikagua neno la siri wakati wa kuingia, lakini ukishaingia hazikukagua tena ruhusa yako. Mgeni akituma amri, zinatii. Nikamwita Mkurugenzi, nikamwomba aingie mwenyewe kwa jina la mgeni na kuzima pampu ya akiba. Ikazimika.

"Mungu wangu! Hata minyi naweza?"

"Chef, hata muuza samaki wa sokoni, kama balimupa ile jina."

Mkurugenzi akaiwasha tena pampu, akasema, "Basi Ngalula arudie kazi." Aliyezima pampu hatujamjua mpaka leo.

Tulibadilisha programu za swichi, tukafuta jina la mgeni, na kila fundi akapewa jina lake. Wazee wenzangu walinuna wiki nzima, wakisema tumeleta ubinafsi. Lakini tangu hapo, jambo likiharibika tunauliza nani alifanya nini. Hatuulizi tena nani ametoka wapi.

Nilipostaafu, Ngalula alikuwa ndiye Mkuu wa Mtandao. Siku ya mwisho aliniketisha mbele ya kompyuta.

"Papa, jina yako natoa sasa. Usikasirike."

"Toa, mama."

Akalifuta, akaniambia nijaribu kuingia. Nikajaribu, swichi ikanikataa. Nilicheka, halafu nikalia kidogo, kwa furaha, maana nilijua hakuna mtu atakayemtwika tena Ngalula kosa la mkono wa mwingine, hata ukiwa mkono wangu.