Bomba la Moshi Tulilolianika Kambani

Watu wakiniuliza kama niliwahi kuingia katika maonyesho ya picha enzi za Wabelgiji, nawajibu: sikuingia, niliyaanika. Wanacheka. Nawaacha wacheke kwanza, maana mtu aliyemaliza shule ya jioni ya mapadri, akapokea cheti chake huku bado ana wino masikioni, hana haraka ya kueleweka.

Nilikuwa mpiga chapa Élisabethville, katika karakana ya mzungu mmoja aliyechapa kalenda, lebo za bia na matangazo ya vifo. Mashine yetu ya mkono ilikuwa nzito mno. Ukizungusha gurudumu lake, nasema kweli tupu, vikombe vilitikisika hadi Naviundu, nje ya mji. Kwa sababu ya mashine hiyo ndipo Madame alipotujia.

Alikuwa mjane mzee, mwembamba kama sindano, mama wa injinia mmoja wa kiwandani. Ujanani huko Ulaya alikuwa mmoja wa wale wachoraji waliochora ndoto: waliamka, wakachora walichokiota kabla ya kahawa, wala hawakumwomba mtu radhi. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia na mikono inatetemeka, na daktari alikuwa amemwambia apumzike. Kwa hiyo akaanza kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya: picha kumi ndani ya sanduku moja, mkusanyo wake wa mwisho.

Alikwaruza kwa sindano juu ya mabamba ya mukuba, shaba yetu hii hii iliyochimbwa hapa, ikapelekwa Ulaya, ikarudi imenyooshwa kama suruali ya Jumapili. Asidi ilipokula mikwaruzo, kazi ikawa yangu. Unapaka bamba wino, unaufuta kwa kitambaa, halafu unamalizia kwa kiganja kitupu, polepole, ili wino ubaki mifereni tu. Kisha karatasi yenye unyevu, kisha gurudumu. Kiganja changu cha kulia kilikuwa cheusi kuliko mimi mwenyewe, na hilo si jambo dogo.

Na picha zenyewe! Nyumba iliyoota miguu ikimtafuta mwenyewe. Piano ambayo mchwa wameijengea kichuguu ndani, na bado inapigwa. Samaki aliyevaa kola ya wanga akingoja treni. Kitanda kilichopandwa mahindi, bibi kizee akipalilia kwenye mto. Mwanzoni nilidhani Madame anatania. Baada ya kuzichapa nikaona kwamba kila picha ilikuwa na kitu kilichochoka kinachokataa kuambiwa kimekwisha.

Ya kumi ilikuwa bomba la moshi, lile refu la kiwanda ambalo kila mtu wa mji huu alilijua kabla ya kumjua baba yake. Madame alikuwa amelilaza. Limejinyoosha chini, kichwa juu ya kilima cha takataka za tanuru, mdomo wazi, bila moshi hata uzi mmoja. Unasikia kabisa linavyokoroma. Hiyo ndiyo kazi niliyoifuta vizuri kuliko zote maishani mwangu.

Mkusanyo ulikuwa utundikwe katika jumba la maonyesho mjini, ambako mimi niliyeuchapa nisingepita mlangoni ila nikiwa na fagio. Kabla ya siku yenyewe mabwana wawili wa kamati ya jumba walikuja karakanani kukagua. Nilikuwa nafuta mashine, nikamsikia mmoja akiuliza.

"Madame, mbona hili halitoi moshi?"

"Limelala, Monsieur."

"Bomba la kiwanda halilali."

"Kila kinachofanya kazi hulala."

"Wenyeji wakiliona watasema ni mgomo."

"Basi mtawaambia ni usingizi."

Bwana yule akawa mwekundu kama udongo wa barabara. Akasema picha hiyo itolewe, tisa zilizobaki watazitundika vizuri, na maua mezani. Madame akamjibu, "Kumi, au hakuna."

Wakaondoka. Patroni wetu, ambaye kalenda zake ziliagizwa na mabwana kama hao, alianza kutokwa jasho katikati ya baridi ya Julai. Mchana haujafika akatuamuru tuondoe karatasi zote karakanani mwake. Nazo zilikuwa mbichi, zimetoka mashineni asubuhi ile. Ukizipanga moja juu ya nyingine, wino unahama: samaki angeamka na piano kifuani. Madame akakaa juu ya kreti la bia, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana umri wake.

"Zikiharibika," akasema, "sina macho ya kuzirudia."

Nikamwambia, "Madame, kwangu kuna kamba."

Tukazipanga juu ya mbao, mbao juu ya mkokoteni, nikausukuma hadi site, mtaa wetu sisi weusi, kwa upole kama mtu aliyebeba mayai ya mbuni. Mke wangu alikuwa anaanika mashuka.

"Baba, ile nini unaleta?"

"Ndoto ya Madame. Toa mashuka."

"Ndoto yake njo itafukuza mashuka yangu?"

"Iko mubichi, Mama. Ikigusana, imekufa."

Akainama juu ya samaki mwenye kola, akamtazama, akapiga makofi. "Weee! Huyu minamujua! Ni ule karani wa gare ya treni!" Basi kesi ikaisha. Akaleta vibanio vyake vyote, akakunjia kila kimoja kipande cha karatasi kisije kikatia alama, na mashuka akayarudisha katikati ya picha, maana mashuka nayo yalikuwa na haki yao. Ikawa: nyumba yenye miguu, shuka, piano, suruali yangu, samaki, kitenge. Bomba la moshi tukaliweka mwisho, penye jua.

Jumapili, misa ilipotoka, ua wangu ulijaa. Siongezi sana nikisema nusu ya Katanga ilikuwepo, na nusu nyingine ilikuwa inakuja. Madame alikaa kwenye kiti chetu kizuri. Jirani yangu, aliyetumikia tanuru mpaka nyusi zake zikaacha kuota, akavua kofia mbele ya bomba.

"Lala, baba," akaliambia. "Lala tu. Hapana mutu atakulipa juu ya kukohoa."

"Lakini banaliacha bila blanketi!" mama mmoja akalalamika. "Na hii baridi! Bazungu banakosa huruma hata kwa bitu byao."

Akafungua kitenge cha mabegani, akakitundika ubavuni mwa picha. Watu wakashangilia. Nikamtafsiria Madame kwa Kifaransa changu cha shule ya jioni, nikiongeza chumvi pale ilipopungua. Akacheka mpaka akafuta macho.

"Ulaya maisha yote waliniuliza maana yake ni nini," akasema. "Hapa wananiuliza kama lina blanketi."

Ndipo polisi akaingia. Kijana wa kwetu, buti zinang'aa, ametumwa.

"Nani alipana ruhusa ya hii ekspozisyo?"

"Maonyesho ya picha wapi, chef?" nikamwuliza. "Hii ni kamba ya nguo. Suruali yangu hii hapa, salimia."

"Na hii bantu bote?"

"Banangojea nguo yabo," mke wangu akadakia. Ua mzima ukaangua kicheko.

Polisi hakucheka. Alikuwa na amri, akaitoa: karatasi zikikauka, zishushwe siku hiyo hiyo, watu watawanyike. Kila mtu anajua Julai yetu: baridi, lakini kavu. Shuka likianikwa linakauka kabla hujaokota kibanio kilichoanguka. Madame aliona midomo ya watu inafungwa, akanishika mkono. Hapo cheti changu kikafanya kazi.

"Karatasi ilishakauka, chef. Wino njo bado. Wino ni mafuta, na mafuta na baridi haziskilizani. Gusa mwenyewe."

Akagusa. Kidole kikatoka cheusi. Akakitazama, akakitazama tena, akasema kwa sauti ya serikali, "Kweli. Iko mubichi." Akaenda kutoa ripoti.

Akarudi baadaye. "Bado?" Bado. Kidole cheusi kidogo. Akaenda. Kila Jumapili watu walikuja, wengine kwa miguu toka Kinsevere kule mbali, na vumbi jekundu likatulia juu ya picha zote. Nilitaka kulipangusa kwa brashi laini. Madame akanikataza: "Liache. Nalo limekuja kutazama."

Mara ya mwisho polisi alikuja bila sare, amemshika mama yake mkono. Mama alisimama mbele ya bomba lililolala. Tukajua baadaye kwamba mume wake alikuwa mtu wa tanuru, na hakuwahi kuzeeka. Kijana akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bado?"

"Bado."

Akainua kidole, akakipitisha karibu na karatasi bila kuigusa.

"Iko mubichi kabisa," akasema.

Wino ule ulikaa mbichi Julai, Agosti, Septemba. Fundi yeyote atakwambia haiwezekani, nami ni fundi, nakwambia iliwezekana. Mjini jumba lilifunguliwa na michoro ya maua, na sikusikia mtu aliyelala macho akiyafikiria. Kwangu picha zilishuka siku tone la kwanza la mvua lilipopiga bati, nami nikatangaza mbele ya wote kwamba zimekauka. Madame akazipanga kumi sandukuni, bomba juu ya zote, na alipoondoka na mwanawe alilipakata sanduku hilo kwenye treni kama mtoto. Tisa peke yake hazikuonekana popote duniani.

Mimi aliniachia nakala moja ya bomba, ile ya majaribio tuliyoichapa kwanza. Alitia sahihi chini, kisha akaniambia nipige kiganja changu cha wino pembeni mwa jina lake, kwa sababu, alisema, mikono iliyoifanya ni miwili. Liko ukutani kwangu sebuleni mpaka leo, limelala. Juzi mkwe wangu alitaka nilitoe apake ukuta rangi.

"Baba, nishushe ile picha?"

Nikamwambia apake kuizunguka. Wino bado.