Tumbo la Sun-ok Juu ya Kreni

Bang Sun-ok alianza kuendesha kreni ya mnara pale Incheon, mji wa bandari wa Korea, mwanawe akiwa bado ananyonya. Mimi, Tak Chun-sik, ndiye niliyekuwa chini yake na redio mkononi, nikimwambia mzigo uende wapi. Uso wake niliuona asubuhi akipanda, mchana mezani na jioni akishuka. Katikati ya hapo nilimjua kwa pumzi tu. Nilijua akiwa amenuna, nilijua akiwa anatafuna, na nilijua akiimba chinichini akidhani amezima kitufe.

Korona ilimpata miaka mingi baadaye, barafu ilipokuwa inaanza kuyeyuka. Haikumsumbua sana. Alipata homa, koo likawasha, chakula kikakosa ladha, akajifungia ndani hadi vipimo vikaonyesha amepona. Siku aliyorudi alitutania wote kwenye redio.

"Mlidhani nimekufa? Nani angewanyanyulia nondo zenu, wavivu nyie?"

Tulicheka. Yeye alikuwa amerudi, ila tumbo lake halikurudi naye.

Akila kidogo, linajaa gesi na kukakamaa kama ngoma. Linanguruma mpaka aliye jirani anageuka. Kisha msokoto unamshika chini ya kitovu na hapo hana hiari, anataka choo, tena sasa hivi. Siku nyingine anakaa chooni mpaka miguu inakufa ganzi na hakitoki kitu. Alidhani ni dawa za homa, zikiisha nalo litatulia. Dawa ziliisha. Maua yakachanua, yakapukutika, na tumbo likawa lilelile.

Sasa, kule juu hakuna choo. Kuna kiti, vioo pande zote, na ndoo yenye kifuniko. Kushuka ni ngazi baada ya ngazi ndani ya nguzo ya chuma, halafu uzipande tena, na muda wote huo zege linakauka na Fomeni Maeng anabweka kama mbwa aliyefungwa. Kwa hiyo Sun-ok alijitafutia njia yake. Aliacha kula. Jioni alikunywa uji mweupe wa mchele, asubuhi hakugusa kitu, na maji aliyakata kabisa. Mezani kwetu alikuwa akisukumasukuma wali kwa kijiko.

"Dada, unajikondesha uolewe upya?" nilimuuliza siku moja.

"Huyu aliyenioa tu kanichosha. Wa pili nimpeleke wapi?"

Wenzetu waliangua kicheko. Mimi niliangalia mikono yake. Pete ilikuwa inazunguka kidoleni.

Nyumbani nako alibanwa. Mama mkwe wake ndiye mpishi, na chakula chake hakikosi vitunguu saumu, pilipili na kimchi, ile kabichi ya pilipili aliyoichachusha mwenyewe. Ndivyo vilivyokuwa vikimuunguza zaidi. Mama mkwe alikiona kile chakula kinachorudi jikoni kama tusi.

"Mtaa mzima uliugua, na mtaa mzima unakula," alisema. "Hilo sasa liko kichwani, siyo tumboni."

"Mama, mwache," mumewe Gi-bong alidakia.

"Nimwache afe kwa njaa kwangu, majirani waseme namnyima?"

Gi-bong aliinua kijiko akaendelea kula. Hata yeye alikuwa amechoka. Walikuwa wameacha kwenda kuwaona wazazi wa Sun-ok kule Jeonju, maana ni saa nyingi ndani ya basi. Harusi hawakwenda, walikuwa wanatuma bahasha ya pesa tu. Hata treni ya kuja kazini Sun-ok aliichagua kwa vituo vyake. Alijua kituo gani choo kiko kabla ya geti, na kipi kina foleni.

Alikwenda hospitali. Wakampima damu, wakamwingiza kamera tumboni, na daktari akamwambia kwa furaha kwamba kila kitu ni safi.

"Nilitoka nje nikalia," alinisimulia baadaye. "Bora angeniambia nina kidonda. Kidonda kina jina, Chun-sik. Hiki changu nikiwaambia watu nitakiitaje?"

Kisha ikaja siku ya ukuta. Tulikuwa tunapandisha ukuta wa zege uliotengenezwa kiwandani, mzito, wenye tundu la dirisha. Uliponing'inia usawa wa ghorofa za juu, upepo ukauyumbisha kidogo. Nikasikia pumzi redioni. Fupi, fupi, kisha ikakatika.

"Dada? Kushoto kidogo."

Ukuta ulibaki palepale.

"Dada Sun-ok, unanisikia?"

"Nasikia." Sauti ilitoka kama inapita kwenye tundu la sindano. "Niambie tu polepole."

Fomeni Maeng alidaka redio. "Umelala huko? Shusha! Watu wanangoja!"

Sun-ok aliendelea na kazi. Aliusogeza ule ukuta kushoto, akaushusha taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga, mafundi wakaushika na kuufunga. Kulabu ikaachia. Angeuacha mzigo ule uning'inie juu ya vichwa vya watu ili aishughulikie ndoo? Asingeweza. Alikaa kwenye kiti chake mikono ikiwa kwenye vishikio vya kuongozea, na mwili ukafanya ulichofanya.

Kengele ya chakula ililia, kila mtu akaondoka. Yeye hakushuka.

"Nenda ukale," aliniambia redioni.

"Na wewe?"

"Mimi nitashuka jioni, wakishaondoka wote. Chun-sik, usimlete mtu huku."

Nilielewa. Nilichukua suruali yangu ya mvua, taulo na chupa za maji, nikavitia mgongoni nikapanda. Mimi si mtu wa kupanda, nilihesabu vidato njia nzima. Nilipofika chini ya kibanda chake niligonga, nikavisukuma ndani bila kuinua macho, nikakaa kwenye ngazi nimempa mgongo.

"Mimi ni mwanamke mtu mzima," alisema kutoka ndani. Maji yalikuwa yanamwagika. "Nina mtoto yuko jeshini."

"Suruali ina tundu kwenye goti," nilisema. "Samahani."

Alicheka, kicheko kikageuka kilio, nami nikabaki pale nikitazama bahari ya Incheon iliyokupwa na kuacha matope mpaka akanyamaza.

Wiki ile aliomba likizo, akaenda kwa daktari mwingine, mama mmoja wa makamo mwenye kliniki ndogo juu ya duka la miwani. Huyo alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia virusi vimeondoka lakini utumbo umebaki umeshtuka, unapokea chakula cha kawaida kama ni adui. Kwamba si kichwani, na si yeye peke yake.

"Litapona lini?" Sun-ok alimuuliza.

"Wengine linatulia baada ya miezi, wengine miaka. Nikikutajia siku nitakuwa nakudanganya."

Akampa vidonge vya kutuliza msokoto, akamwambia ale kidogo kidogo mara nyingi, vitunguu saumu aviache kwa muda, na maji anywe, asijikaushe. Gi-bong alikuwepo. Alirudi nyumbani akamweleza mama yake maneno yaleyale, neno kwa neno. Mama mkwe hakuomba radhi. Ila kesho yake kulikuwa na sufuria ndogo pembeni, supu ya maboga isiyo na kitunguu.

Kule juu Sun-ok hakurudi. Kampuni ilimpa kreni ndogo inayoendeshwa kutoka chini, kwa kisanduku cha vitufe kinachovaliwa kiunoni. Waendesha kreni wenzake wanaidharau kama kichezeo cha mtoto, naye aliidharau vilevile. Choo kiko pale jirani. Anasimama kwenye vumbi pamoja nasi, na anapotaka kuona mzigo umekaa vipi inabidi ainue shingo.

Msimu wa majani mekundu, kabla ya baridi, tulikwenda kwa basi matembezi ya kikosi chetu cha kazi, mlimani. Alikuja. Alikaa nyuma ya dereva.

"Kaka, mimi nikisema simama, usiniulize kwa nini."

"Hata kwenye barabara kuu?"

"Hata kwenye daraja."

Kila aliposimamisha basi sote tulishuka, tukijifanya tunavuta sigara, hata wasiovuta. Mlimani alikula wali na yai, akapiga picha na Fomeni Maeng. Wakati wa kurudi tumbo lilimkamata tena. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, mkono chini ya kitovu, akawa anahesabu vibao vya vituo vya mapumziko, penye vyoo, vilivyobaki mpaka Incheon.