Ndoano Nyuma ya Ndege

Mwezi uliopita, kwenye barabara moja ya Lubumbashi, nilisimama ghafla mbele ya kibanda cha fundi wa simu. Kijana alikuwa analehemu, na kutoka kwenye ncha ya chuma chake ulipanda moshi mwembamba wenye harufu ya utomvu unaoungua, tamu kidogo, chungu kidogo, inayokwama kooni. Simu yangu ilikuwa nzima. Nilijifanya imeharibika, nikauliza bei ya kioo, mradi nipate kisingizio cha kukaa pale nivute pumzi. Kwangu mimi harufu ile ni ya Jumapili alasiri kwetu Kolwezi, na ya ndege moja ya kivita ambayo hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kuiona.

Baba alikuwa fundi wa vyuma katika karakana ya mgodi, mpaka siku walipompa barua ya kukaa nyumbani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mikono yake haikusoma barua ile. Kila asubuhi iliamka ikitafuta kazi: ilinyoosha misumari, ilifungua redio iliyokuwa nzima, ilitengeneza mlango ambao haukulalamika. Mama yangu alivumilia kwa muda, kisha akasema, "Tafuta kitu ya kufanya, juu hii nyumba utaifungua yote, tubakie inje."

Kitu cha kufanya kililetwa na Tata Kazadi, karani wa reli, mzaliwa wa Dilolo, rafiki wa Baba tangu ujana. Alikuja na ukurasa mmoja wa gazeti la Kifaransa aliouokota kati ya takataka za mhandisi mgeni aliyehama. Ukurasa ulionyesha ndege kwa juu, kwa mbele na kwa ubavu. Maandishi yalisema ilikuwa ya jeshi la maji, kwamba ilikuwa imekwisha kustaafishwa, na kwamba watu wa nchi nyingi walikuwa bado wanaipenda kiasi cha kuitengeneza upya, ndogo, juu ya meza zao. Yaani kulikuwa na watu wazima wengine duniani wenye ugonjwa huu.

"Hata ndege banaipatia barua ya kwenda ku nyumba," alisema Tata Kazadi.

"Lakini hii bado banaikumbuka," Baba akajibu, na tangu hapo ukurasa haukurudi kwa mwenyewe.

Kilichowapagawisha ni mabawa. Ndege ile iliweza kuyafungua ikienda polepole na kuyarudisha nyuma ikikimbia, kama mbayuwayu anapojitupa chini. Tata Kazadi alitengeneza yake kwa waya wa shaba, mistari mitupu, unaona hewa ndani yake. Katekista wa parokia alichonga yake kwa mti. Baada ya miezi michache wanaume wazima watano walikuwa wanakaa barazani kwetu kila Jumapili baada ya misa, wakibishana juu ya upana wa mkia wa kitu kisichopita Kolwezi hata kwa bahati mbaya.

Ya Baba ndiyo iliyowanyamazisha. Aliikata kutoka kwenye mikebe ya maziwa ya unga, kila sentimita moja ya ukurasa ikiwa sentimita nne za bati. Kioo cha rubani alikitoa kwenye chupa ya plastiki ya maji, akakilainisha juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Kwa ncha ya msumari alidonoa safu za ribiti, vichwa vya pini za kuungia bati, mamia, akitoa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Tumboni mwa ndege alificha magurudumu mawili ya meno kutoka saa ya mezani, yanayong'atana. Ukisukuma bawa la kushoto, la kulia lilifuata lenyewe. Nililisukuma bawa lile mara nyingi kuliko nilivyosali mwaka ule.

Kilibaki kitu kimoja. Chini ya mkia, mchoro wa ubavu ulionyesha mkono mwembamba wa chuma wenye ndoano. Maelezo yake yalikuwa kwenye kona iliyochanika.

"Hii iko ya kuvutia," Baba aliamua. "Ikikwama mu matope, banaivuta kwa nyuma, sawa kamyo."

Hakuna aliyepinga. Wote tulikuwa tumeona wakati wa mvua, kwenye barabara ya Fungurume, malori yaliyozama mpaka ekseli yakichomolewa kinyumenyume kwa ndoano zao. Jambo pekee lililomsumbua Baba ni wembamba wa ndoano ya mchoro. "Huyu muchoraji hajavuta kitu hata siku moja," alisema, akatengeneza nene, fupi, akailehemu isitikisike.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na sijapona. "Papa, kama ndege iko ya mu bahari, matope inatoka wapi?"

"Kandokando ya bahari hakuna matope?"

Sikuwahi kuona bahari, wala yeye.

"Mama Numbi, utazeeka na maswali mu kinywa," Tata Kazadi alicheka.

Lazima nieleze jina hilo. Numbi lilikuwa jina la mama mzazi wa Baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu, mtoto anayepewa jina la mtu si kwamba anamkumbusha tu. Kwa namna fulani ndiye. Baba aliniita mama tangu nikiwa kwenye nepi, hakunipiga hata mara moja, na shangazi zangu walinigawia kwanza paja la kuku. Nilifaidi mapaja, lakini imani yenyewe niliiona ni upuuzi. Niliwahi kumuuliza Baba, kama mimi ni mama yake, mbona ananituma maji. Alisema mama yake alipenda kuchota maji.

Sikukuu ya parokia ilikaribia, na ndege zilipewa meza katika ukumbi. Kisha ikaja habari kwamba prefe, mkuu wa shule ya ufundi, angehudhuria. Alikuwa anatafuta mtu wa kufundisha kazi za chuma. Baba hakuwa na diploma ila vidole vyake. Wiki ile mama yangu hakumtania hata kidogo. Alipiga pasi shati la Baba Jumatano, akalipiga tena Alhamisi.

Ijumaa, katika maktaba ya masista, nilifungua kitabu kinene cha Kifaransa penye mada ya meli, nikaona picha ya meli kubwa kama uwanja wa mpira, na ndege ikitua juu yake. Mkono wa chuma ulikuwa umeteremka chini ya mkia, na ndoano yake ilikuwa imenasa kamba ya chuma iliyotandazwa kukatisha sitaha. Nilisoma mara tatu. Basi haikuwa ya matope. Ilikuwa ya kuisimamisha ndege isianguke majini.

Moyo ulinipiga kwa furaha ya kuwa sahihi. Nilitoka pale mbio, nikapunguza mwendo, na kabla ya kufika nyumbani nilikuwa nimekwisha amua kunyamaza. Barazani kulikuwa na mtu mmoja tu, Baba. Ukumbini Jumapili kungekuwa na parokia nzima.

Jumamosi Baba alipaka ndoano rangi nyekundu, kwa sababu mgodini ndoano zote za kuvutia zilikuwa nyekundu. Alinitazama kwa chini. "Leo Mama Numbi hana swali?"

"Hapana, Papa."

Jumapili ukumbi ulinuka jasho, bia na unga wa mihogo. Prefe alikuwa mtu mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipita ndege ya mti, akapita ya waya, akafika kwa ya Baba na kubaki. Alisukuma bawa. Akalirudisha. Akahesabu ribiti kwa kucha. Mama yangu, nyuma ya meza ya maandazi, aliacha kuuza.

"Na hii nyekundu ni ya nini?" prefe aliuliza.

Baba alijinyoosha, akaanza kwa Kifaransa chake cha karakana, kisha akahamia Kiswahili ili asikosee. Alieleza matope, alieleza kamyo, alionyesha kwa mikono jinsi mnyororo unavyopita.

"Hapana," nilisema. "Haiko ya matope."

Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyopanga. Nikamwaga yote: meli, kamba, sitaha, kitabu cha masista.

"Ah! Fundi anakosolewa na mutoto wake wa kumuzaa!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Kicheko kilianza upande mmoja, na mwanamke mmoja mzee akasema mtoto wa namna hiyo hukoseshwa chakula siku mbili. Uso wa Baba ulikuwa umekufa. Niliutazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nikaona nilichokuwa nimekishika.

Kisha Baba alivuta kiti, akakaa ili macho yetu yalingane, akawaambia watu, "Huyu haiko mutoto. Huyu ni mama yangu, Numbi. Mama akisema, miye nasikia." Wazee waliitikia "eee" kwa vifua, na kicheko kikageuka kingine, cha watu wanaotambua jambo lao. Akanigeukia. "Sasa, mama, unifundishe. Ile kamba inashikwa na nani?"

"Sijui."

"Inakaza ao inalegea?"

"Sijui, Papa. Picha haikusema."

"Lazima ilegee polepole, sawa breki ya winchi," alisema, tayari hayupo nasi. "Ikikaza, mukia itabaki na kamba, ndege itaendelea yenyewe." Akatoa koleo mfukoni, akaikata ndoano nyekundu mbele ya macho ya prefe. Akamwomba katekista spoki moja ya baiskeli yake iliyokuwa mlangoni. Katekista alinung'unika kwamba Jumatatu ana safari, akaitoa. Baba aliikunja, akaitengenezea bawaba kwa kipande cha bati, na katika muda wa kumaliza soda moja ndege ilikuwa na mkono mrefu, mwembamba, unaoteremka na kupanda. Tata Kazadi alitandaza kamba ya kiatu chake juu ya meza. Ndege ilishuka, ikanasa, ikasimama. Watu walipiga makofi kama wamefunga goli.

Prefe alisema, "Uje kesho, saa mbili."

Ningependa kuandika kwamba alimchukua kwa ajili ya unyenyekevu wake, lakini sina ushahidi. Huenda alihitaji tu mtu anayeweza kukunja spoki bila jiliwa la kuibania. Baba alifundisha pale miaka kumi na mmoja.

Jioni tulirudi kwa miguu, ndege kifuani kwake, mama yangu mbele na sinia tupu. Vumbi la Kingamyambo, jalala la mabaki ya mgodi, lilikuwa limelifanya jua kuwa kama sarafu kuukuu. Nilingoja anisifu.

"Kile kitabu," alisema, "ulikisoma siku gani?"

"Ijumaa."

Tukatembea mpaka kwenye kona ya bomba. Hapo alisema kwa upole, bila kunitazama, "Siku ingine, uniambie Ijumaa."

Nilidhani ni karipio dogo, nikafurahi kwamba limekwisha. Imenichukua miaka, chuo kikuu, na mabishano mengi niliyoshinda bila faida, kuelewa kwamba siku mbili nzima nilikuwa nimebeba mkate wa nyumba yetu mdomoni kama peremende, nikingoja watu wajae ndipo niuteme. Na kwamba alilijua hilo tangu pale ukumbini, kwa maana maktaba ya masista haifunguliwi Jumapili. Alijua, na bado alimsimamisha mama yake kati yangu na watu wale. Bado siamini kwamba wafu hurudi kwa majina. Ila siku ile bibi alikuwepo, na aliyekingwa naye ni mimi.