Mtu wa Kulisha Pampu Matambara

Saa mbili asubuhi, uwani mwa karakana ya maji hapa Masasi, Cuthbert Namalowe anachovya tambara ndani ya ndoo, analikamua kidogo, kisha analitupa shimoni. "Kumi na tisa," anasema. Injini ya dizeli inanguruma, pampu inameza, na upande wa pili wa bomba tambara linatoka na maji na kunaswa na wavu. Anaokota jingine.

Kwa kazi hii hulipwa shilingi themanini na tano kwa mwezi. Jirani zake wa Lisekese humtania kwamba wenzake wameajiriwa kulisha ng'ombe, yeye kaajiriwa kulisha chuma. Mwenyewe hucheka tu.

"Ng'ombe akishiba huacha," anasema. "Huyu hashibi, hukabwa."

Pampu anazolisha si za maji ya kunywa. Ni zile kubwa za maji machafu, kama ile ya hospitali moja kule Newala, ambako maji ya vyoo, mabafu na dobi huingia shimo moja, na pampu huyasukuma hadi bwawani nyuma ya mikorosho. Matambara yakiingia, pampu huziba. Ndiyo maana pampu mpya hujaribiwa kwanza hapa, kabla ya kupandishwa mlimani kwa lori.

Cuthbert, mzaliwa wa Mnyambe, anaijua pampu ya zamani ya Newala kwa mkono wake mwenyewe. Aliitunza miaka miwili. Mwaka wa mwisho iliziba mara kumi na saba, na kila mara yeye ndiye aliyeshuka shimoni kuchomoa kilichokwama. Mara ya kumi na saba, njia ilipofunguka tu, maji yaliyosimama ndani ya bomba yalirudi kwa kishindo yakalizungusha gurudumu la pampu, mkono wake ungali ndani. Vidole viwili vya kulia vikabaki huko.

"Shimoni sikulia," anasema. "Nililia nyumbani, siku mke wangu aliponimenyea muhogo kama mtoto."

Yeye akahamishiwa karakana, na kazi ya shimoni akapewa shemeji yake, Nikolao, mdogo wa mkewe. Nikolao ndiye mpiga kinanda wa kanisani kwao, na watu husema Jumapili akiugua, hata mapadri huimba kwa mashaka. Kwa hiyo pampu mpya zilipoletwa mwezi uliopita, Cuthbert hakuwa akijaribu chuma tu. Alikuwa na vidole kumi vya mtu mwingine mawazoni.

Zililetwa mbili, ya kijani na nyeusi. Bwana injinia, Mzungu mpole asiyependa makelele, alikuwa na utaratibu wake: vipande sitini vya kitambaa kipya cha amerikani, vya mraba, vyote sawasawa. Ile ya kijani ilivimeza vyote sitini na kuvitema kwa mbio. Nyeusi ilifanya kazi kwa uvivu, maji yake machache. Injinia akaamua ya kijani ipande Newala Jumamosi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Cuthbert alirudi nyumbani akashindwa kula. Alijua kwamba vilivyoziba pampu ya Newala havikuwa na umbo hilo hata kidogo. Vilikuwa vitambaa vya akina mama wa wodini, vile vya kila mwezi. Msomaji mwenye mke au dada hahitaji kuelezwa zaidi, na asiye nao na awaulize wenye nao.

Kwa mila za huku, mwanamume haruhusiwi hata kuviona, na mama asiye na mahali pa kuvificha huona afadhali vichukuliwe na maji. Cuthbert kila alipovichomoa alivizika kwa jembe, bila kumwambia mtu. Na katika kitabu cha kazi, mara zote kumi na saba, aliandika neno moja: takataka.

"Nilijiona nina adabu," anasema, sauti ikishuka. "Kumbe adabu yangu ndiyo iliyomdanganya Bwana. Angejuaje? Na sasa ingemfikia Nikolao."

Kulitamka jambo lile mbele ya injinia hakuweza. Mtu aliyepita jandoni ulimi humzidi uzito. Alhamisi akaenda kwa Sijaona binti Shamte, mkuu wa dobi wa hospitali ya hapa na kungwi wa wasichana wengi wa Lisekese.

"Shikamoo, Mama Nurdini."

"Marahaba, Baba Ida. Uso huo umefiwa?"

Akamweleza huku akitazama ukutani. Bibi yule alicheka hadi akafuta machozi.

"Mwanangu, vilivyovaliwa ndivyo vyenye siri," alimwambia. "Visivyovaliwa ni kitambaa cha kaniki na kamba tu. Niletee kaniki."

Alishona usiku huo. Ijumaa asubuhi Cuthbert akafika karakana na kikapu kilichofunikwa: vitambaa arobaini, virefu, vyenye tabaka tatu na kamba kila ncha. Injinia akainua kifuniko.

"Hizi nini?"

"Takataka, Bwana. Ile iliyo kitabuni, mara kumi na saba."

Injinia akatazama zile kamba, akatazama mkono wenye vidole vitatu, akawa mwekundu hadi masikioni. "Tia," akasema.

Ya kijani ilifika kitambaa cha tisa. Kamba zilijisokota kwenye mhimili, mkanda ukaanza kufuka moshi, injini ikazimika. Vikachomolewa vyote, vikaanza upya. Ile nyeusi, yenye gurudumu la njia moja pana, ilijikokota vilevile kivivu na kupitisha thelathini na nane. Viwili vilikwama, vikatoka vyenyewe maji yaliporudishwa nyuma. Jumamosi nyeusi ndiyo iliyopanda mlima.

Sasa ni wiki ya tano. Kila dereva anayeshuka kutoka Newala huulizwa swali lilelile kabla hajazima gari, na jibu limekuwa lilelile: haijaziba. Mama Nurdini naye amewatumia makungwi wenzake wa Newala ujumbe, wodini pawekwe pipa lenye kifuniko na mahali pa kuchomea, palipo na faragha.

Cuthbert ameanza kitabu kipya. Bado neno lenyewe haliandiki, ila huchora umbo la kilichokwama, na kamba zake. Anakusudia kupanda Newala Krismasi, akakae kiti cha mbele kanisani, karibu na kinanda cha shemeji yake.

"Watu watakuwa wanasikiliza wimbo," anasema, akilowesha tambara la ishirini. "Mimi nitakuwa nahesabu vidole. Vikifika kumi, na mimi nitaimba."