Pombe ya Shangazi Ndani ya Pazia

Nasema bila haya: mfuko ule niliushona mimi, na sijaona fundi hapa Arua mjini ambaye angeushona vizuri zaidi. Mishono miwili kila upande, uzi wa nailoni, na vitanzi vinne vya kuubebea.

Kitambaa kilikuwa pazia jepesi la sebuleni, lile alilolichagua mke wangu kwa wachuuzi wa Vurra. Nilimwomba, hakunijibu, nikachukulia kwamba amekubali. Kesi hiyo haijaisha hadi leo.

Yote yalianzia kwa shangazi yangu wa Lobule, dada ya baba, aliyenilea. Alianguka akavunjika mkono wa kulia. Kwao ukitaka shamba lilimwe unaita majirani. Wanakuja alfajiri na majembe yao, na wewe unawapa pombe uliyopika mwenyewe. Pombe isipokuwepo, au ikiwa mbaya, majembe hayarudi tena. Na kwete yake, pombe ya mahindi na ulezi, inataka mikono miwili yenye nguvu ya kukamua machicha konzi kwa konzi, tangu asubuhi mpaka jua la utosi.

"Mwaka hii mimi hapana lima," aliniambia nilipokwenda kumwona.

Aliyasema taratibu, akiutazama mkono. Niliogopa. Shangazi asiye na shamba ni mtu wa kungojea sahani ya wengine, na shangazi wa namna hiyo mimi simjui. Nikamwambia aite watu, pombe iko juu yangu.

"Wewe? Mwanaume?" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Kwenye simu nilikuwa nimewaona watu wa nchi za mbali wakipika bia nyumbani kwa mfuko. Nafaka yote inaingia mfukoni, mfuko unatumbukizwa katika sufuria moja ya maji moto, kisha unanyanyuliwa na machicha yote ndani yake. Konzi kwa konzi hakuna. Kukigeuza kipimo cha shangazi kifuate mfuko niliona ni kama kupunguza gauni, kazi yangu ya kila siku. Akanitajia: beseni moja la mahindi yaliyochachushwa na kukaangwa, nusu beseni la kimea cha ulezi, jerikani moja ya maji. Nikaandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya sare za shule.

Jaribio la kwanza nililifanya nyuma ya kibanda changu mjini, kifua mbele. Nilipounyanyua mfuko, sufuriani ulikuwa umebaki uji mzito usiofika hata robo ya jerikani. Wangekunywa watu wawili, wa tatu angelamba mwiko. Nikapandwa na hasira. Nikayalaumu mahindi, nikamlaumu mwenye kinu, kisha nikampigia shangazi kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia.

"Na maji ya kuosha machicha iko wapi?" akauliza.

"Hukunitajia maji ya kuosha!"

"Ile mimi hapana pima. Mimi naangalia tu."

Nikanywea. Miaka yote hiyo alikuwa akimimina jerikani ya pili kidogo kidogo huku akikamua, na kwake hicho hakikuwa kipimo, kilikuwa kuosha tu. Kwa mfuko hakuna kuosha. Basi maji yale lazima yaingie yote tangu mwanzo. Nikakata moja, nikaandika mbili.

Jumatano nikawa Lobule, na sufuria ya harusi ya kuazima. Nilipasha maji mpaka kidole kikawa hakiwezi kuvumilia zaidi ya hesabu ya tatu, nikatumbukiza mfuko, nikaifunika sufuria kwa mablanketi. Baadaye shangazi akaonja.

"Tamu iko," akasema, na hakucheka.

Tukauning'iniza mfuko kwenye boriti ya jikoni. Mzigo wote ule, na mshono haukuachia hata uzi mmoja! Mimi nilikamua kwa mikono miwili, yeye akasukuma kwa mkono wa kushoto. Maji matamu yaliyochuruzika tukayachemsha, yakapoa, akanielekeza kiasi cha kimea cha kuchachulia.

Jumamosi walikuja watu kumi na wawili. Walinitania sana, fundi cherehani mpika pombe, mpaka walipopumzika na kunywa. Hapo utani ukakatika. Jirani mmoja, mama mwenye jembe zito kuliko langu, akarudisha kikombe kiongezwe.

"Hii nani alitengeneza?" akauliza.

Mimi hugombea sifa hata ya kifungo. Nilishafungua mdomo.

"Ni mimi," shangazi akasema. "Huyu alikuwa mikono tu."

Nikaufunga. Ilikuwa pombe yake kweli, na nyuma yetu shamba lake lilikuwa limegeuzwa jekundu mpaka kwenye migomba. Nilijaa fahari, nikamjazia yule mama kikombe chake.