Mwenye Taa wa Sebuleni

Mfagiaji wa nyumba ya Mdachi pale Mwaya aliifuta picha ya sebuleni kwa kupapasa, shingo kaipinda, macho dirishani. Umbeya ukamzidi mpishi Sadoki, akamsimulia aliyoyasikia kwa bibi mwenye nyumba: mwenye taa ni mke, na huyo aliyelala uchi na mabawa yake ni mume, mungu wa mapenzi wa Wazungu wa kale, aliyemkataza mkewe asimtazame kamwe. Kitambaa kikasimama. Mwanamke huyu mfagiaji, kila aliposikia kikohozi cha baba mkwe wake, alijifunika kaniki gubigubi akajitosa migombani, maana mila ya kwao haikumruhusu kumwona. Akageuka polepole.

“Mafuta yatamdondokea, ataamka,” akamnong'oneza yule mke wa pichani. “Zima taa, mwenzangu.”

Kisha akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha picha.

“Ngoja kwanza. Na mimi nimwone.”